Merikebu za Hoja: Nakala Bora za Picha za Bahari na Haki ya Watu wa Mdomo wa Tana

Mwaka 1506 Tristão da Cunha aliondoka Lisbon na msafara wa merikebu za Kireno kuelekea Bahari ya Hindi. Ulipofika pwani yetu, msafara huo uliushambulia na kuuchoma moto mji ambao Wareno waliuita Hoja. Wanahistoria wameuhusisha mji huo na Ungwana, ambao magofu yake yako karibu na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba magofu hayo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1966. Watu wa Ungwana hawakuacha picha ya siku ile. Wareno waliacha picha za merikebu zao. Katika Chuo cha Sayansi cha Lisbon kuna kitabu cha karne ya 16 kiitwacho Memória das Armadas, kinachoonyesha kwa rangi misafara ya kwenda India mwaka baada ya mwaka, kuanzia ule wa Vasco da Gama wa 1497. Kitabu kingine cha namna hiyo, cha Lisuarte de Abreu, kiko New York katika Maktaba ya Morgan.

Hali ni hiyo kwa sehemu kubwa ya picha za kale za bahari hii. Tukio lilitokea kwetu, na picha iko kwa wengine. Kuirejesha picha yenyewe mara nyingi hakuwezekani, kwa kuwa aliyeichora hakuwa mtu wa huku na karatasi haikuibwa huku. Lakini nakala inawezekana. Teknolojia ya leo inatoa nakala ambayo mtu akisimama hatua mbili mbele yake hawezi kuitofautisha na picha ya asili kwa urahisi. Biashara ya nakala hizo, zinazochapwa kwa idadi maalumu, kupewa nambari na kutiwa sahihi, imekuwa kubwa Ulaya na Marekani, hasa kwa picha za merikebu.

Tunachopaswa kujiuliza ni nakala hizo zina faida gani kwa watu wa Tana na Garsen, na zitengenezwe kwa masharti ya nani. Jibu langu ni kwamba nakala bora ni haki ya watu hawa na wala si anasa. Thamani yake haitokani na uchache. Inatokana na mambo mawili: kusema kweli kuhusu asili yake, na kukaa mahali ambapo wenye historia hiyo wanaweza kuiona.

Picha zenyewe ni zipi

Picha za kihistoria za bahari yetu ziko za namna tatu, na kila namna inadai nakala ya aina yake.

Namna ya kwanza ni picha zilizochorwa na wageni, au na watu wa bahari hii hii wakiwa mbali na pwani yetu. Ya kale kabisa kati ya zile mashuhuri ni ya Yahya al-Wasiti, aliyekamilisha mwaka 1237 kitabu cha Maqamat ya al-Hariri chenye picha za rangi. Mojawapo inaonyesha jahazi la Bahari ya Hindi likiwa na mabaharia juu na abiria wakichungulia madirishani. Kitabu hicho kiko Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Miaka 600 baadaye Kapteni Charles Guillain wa Ufaransa alisafiri pwani ya Afrika Mashariki kwa meli ya Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, akarudi na michoro na picha za daguerre ambazo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za kamera katika eneo hili. Zilichapishwa kwa litografia katika albamu kubwa. Mwaka 1873 Kapteni George Sulivan wa jeshi la majini la Uingereza alitoa kitabu cha kuwinda majahazi ya watumwa, chenye vielelezo vya vyombo na vya watu waliokamatwa ndani yake.

Namna ya pili ni michoro yetu wenyewe, nayo iko ukutani. Wakaazi wa miji ya kale walichanja picha za vyombo kwenye lipu za nyumba na misikiti. Peter na Margaret Garlake walichapisha mwaka 1964 uchunguzi wa michoro hiyo, ikiwemo ya Gedi na Kilwa, na mwaka 2017 Edward Pollard na Caesar Bita waliandika upya kuhusu ile ya Kilwa Kisiwani. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kumehifadhiwa pia kipande cha ukuta ambacho juu yake askari wa Kireno wa karne ya 17 walichora merikebu, makanisa, samaki na watu, kwa rangi nyeusi ya makaa na nyekundu ya udongo.

Namna ya tatu ni ramani na vielelezo vya wapima bahari. Kapteni William Owen alipima pwani hii katika miaka ya 1820 kwa meli za Leven na Barracouta. Kwa muda mrefu ramani za Wazungu ziliiita Ghuba ya Ungwana kwa jina la Formosa. Kwa watu wa deltani karatasi hizi ni ushahidi wa mto wao. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 ili kuunganisha Tana na Mto Ozi, ulivuta maji mpaka mto wenyewe ukahama njia, na leo unatokea baharini Kipini. Anayetaka kujua mdomo wa zamani ulikuwa wapi, na kwa nini mashamba fulani yalikauka na mengine yakafurika, atafaidika na ramani ya kale kuliko na hotuba.

Nakala si kitu duni

Wapo wanaodharau nakala kwa sababu tu ni nakala. Historia ya uchoraji wa bahari yenyewe inawapinga. Willem van de Velde na mwanawe mwenye jina hilo hilo, wachoraji wa bahari wa Uholanzi, walihamia Uingereza katika majira ya baridi ya 1672 na 1673, wakapewa na mfalme chumba cha kazi katika jumba la Queen's House, Greenwich. Picha zao zilikaa katika majumba ya wakubwa. Katika miaka ya 1720 Elisha Kirkall alichapisha nakala za baadhi yake kwa njia ya mezotinti, kwa wino wa kijani cha bahari. Inasimuliwa kwamba J.M.W. Turner, ambaye Waingereza humhesabu kuwa mchoraji wao mkuu wa bahari, alipoiona mojawapo ya karatasi hizo za kijani uzeeni mwake alisema kuwa ndiyo iliyomfanya awe mchoraji. Picha ya asili ilibaki kwa mwenyewe, na nakala ikamfikia Turner, mtoto wa kinyozi.

Hili ndilo jambo la kulishika. Kazi ya nakala ni kuvuka mlango ambao picha ya asili haiwezi kuuvuka. Mtoto wa Ngao, Tarasaa au Kipini mwenye kipaji cha kuchora hatapelekwa Lisbon wala Paris. Nakala inaweza kumfikia darasani kwake.

Atakayesema simu inatosha atakuwa amesahau ukubwa wa kioo chake. Picha ya merikebu hubeba habari katika vitu vidogo: kamba inapita wapi, tanga limefungwa vipi kwenye foromali, mbao zimeungana kwa misumari au kwa kushonwa. Katika kioo cha simu mambo haya huwa ukungu. Yakichapwa kwa ukubwa wake, fundi wa mashua wa Kipini anaweza kusimama mbele ya karatasi na kumsahihisha mchoraji. Mazungumzo ya namna hiyo, kati ya fundi aliye hai na picha ya miaka mia nne, ndiyo faida ya kwanza ya nakala bora.

Ubora hupimwa kwa nini

Nakala bora huanzia kwenye kupiga picha. Picha ya asili hupigwa kwa mwanga uliopimwa, pamoja na kadi ya rangi zinazojulikana, ili anayechapa aweze kurudisha wekundu kuwa wekundu ule ule. Kipimo cha kawaida cha uchapaji mzuri ni nukta 300 kwa inchi. Nakala ya sentimita 60 kwa 90 basi inahitaji faili lenye nukta zaidi ya 7,000 upande mmoja na zaidi ya 10,000 upande wa pili, yaani jumla ya takriban milioni 75. Faili lililochukuliwa mtandaoni likiwa na nukta milioni mbili halifiki hapo hata likivutwa vipi, na atakayeuza karatasi iliyotokana nalo kama nakala bora anamdhulumu mnunuzi.

Baada ya faili huja wino na karatasi. Printa nzuri za leo hutumia wino wa chembechembe za rangi, ambao hustahimili mwanga kwa miongo mingi, tofauti na wino wa bei nafuu unaopauka ndani ya miaka michache. Karatasi huwa ya pamba, nzito, isiyo na asidi, kwa sababu asidi ndiyo inayogeuza karatasi kuwa ya manjano na kuifanya ivunjike. Kisha huchapwa karatasi ya majaribio inayolinganishwa na picha ya asili kabla ya kazi nzima kuanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayotofautisha kazi ya heshima na kazi ya haraka.

Michoro ya ukutani inadai zaidi. Mchoro wa Gedi au Kilwa hauna rangi, ni mkwaruzo ndani ya lipu, na jicho huuona kwa kivuli chake. Ukipigwa picha kwa mwanga wa mbele hupotea kabisa. Mpigapicha hulaza taa ubavuni mwa ukuta, hupiga mara nyingi kutoka pande mbalimbali, na kompyuta huunganisha picha hizo kuwa umbo lenye kina. Kutokana na umbo hilo inawezekana kutengeneza karatasi yenye vivuli sahihi au bamba la plasta ambalo mtu analigusa kwa kidole. Kwa shule, bamba la kugusa lina thamani kuliko karatasi, na mwanafunzi asiyeona naye analisoma.

Kisha kuna hali ya hewa ya deltani, ambayo maelekezo ya watengenezaji wa Ulaya hayaifikirii. Joto, unyevu, chumvi ya upepo wa kusi, mchwa na mafuriko ya Tana ni maadui watano wa karatasi. Fremu ya alumini hushinda ya mbao laini. Kioo kisiguse karatasi, maana unyevu huvifanya vishikane. Picha isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaolowa masika, wala mahali jua la jioni linapopiga, wala chini ya alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Anayetoa nakala ya bei kubwa bila kutoa maelekezo haya anatoa karatasi itakayooza.

Uchache: uhalisia wa jana na ahadi ya leo

Biashara yote ya nakala za idadi maalumu inasimama juu ya wazo la uchache, na wazo hilo linahitaji kuchunguzwa. Zamani uchache ulikuwa jambo la kimaumbile. Bamba la shaba lililochongwa lilichakaa kila lilipopita chini ya mtambo. Karatasi za kwanza zilitoka kali, za mwisho zikatoka hafifu, kwa hiyo nambari ilimwambia mnunuzi kitu cha kweli kuhusu alichoshika mkononi. Mtindo wa kutia sahihi ya kalamu chini ya kila nakala ulienea mwishoni mwa karne ya 19, na wachoraji kama James McNeill Whistler walichangia kuueneza.

Faili la kompyuta halichakai. Nakala ya 500 ni sawa na ya kwanza. Uchache wa leo basi ni ahadi tu: mtoaji anaahidi kwamba akifikisha 100 ataacha. Ahadi hiyo ina nguvu sawa na uaminifu wa mtu aliyeitoa, na historia imeonyesha inavyoweza kuvunjwa. Salvador Dalí alitia sahihi maelfu ya karatasi tupu, na soko la chapa zake halijapona mpaka leo. Kwa picha za kihistoria shaka ni kubwa zaidi, maana mchoraji ameshakufa na hawezi kutia sahihi. Anayesaini ni mchapaji au jumba la makumbusho. Sahihi hiyo inathibitisha ubora wa kazi ya kuchapa, haithibitishi mkono wa mchoraji, na mnunuzi aambiwe hivyo waziwazi.

Je, uchache utupwe basi? Sioni hivyo. Uchache una faida mbili za haki. Humlazimisha mchapaji kuisimamia kila karatasi, na huleta fedha. Mgeni anayelala hoteli ya Lamu au Watamu yuko tayari kulipa zaidi kwa nakala yenye nambari kuliko kwa bango. Fedha hizo zinaweza kugharimia nakala za watu wasioweza kulipa. Jambo la kukataa ni uchache unaowafungia nje wenye historia. Toleo likiwa la nakala 100, na zote 100 zikaishia sebuleni mwa watu wa mbali, tutakuwa tumerudia kwa hiari yetu kile kilichofanyika kwa picha za asili.

Njia ya haki ni kulipasua toleo mapema, kwa maandishi. Sehemu moja iwe ya kuuzwa, yenye nambari na bei ya soko. Sehemu ya pili iwe ya umma, yenye ubora ule ule, isiyouzwa kamwe, kwa ajili ya shule, maktaba, zahanati na ofisi za kaunti. Cheti cha kila nakala inayouzwa kitaje ni nakala ngapi za umma zimetolewa na ziko wapi. Mnunuzi mwenye nia njema atafurahi kujua, na asiye na nia hiyo hatupungukiwi tukimkosa.

Nani mwenye picha

Kisheria, hakimiliki ya picha hizi ilikwisha zamani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Al-Wasiti, wachoraji wa Memória das Armadas na Kapteni Sulivan wako nje ya ulinzi huo. Ugumu unabaki kwenye picha za kamera zilizopigwa juu ya picha hizo. Makumbusho mengi yamekuwa yakidai ada kwa faili zao, yakisema upigaji huo nao ni kazi yenye haki.

Mkondo wa sheria duniani unaikataa hoja hiyo. Mwaka 1999 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, iliamua kwamba picha ya kamera inayonakili mchoro wa kale bila kuongeza ubunifu haina hakimiliki mpya. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 limeweka msimamo wa aina hiyo, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa hukumu inayoelekea huko huko. Rijksmuseum ya Amsterdam iliamua mapema kutoa faili zake kubwa bure kwa yeyote, zikiwemo picha za merikebu za Uholanzi. Kaunti ya Tana River ikiomba faili kutoka Ulaya leo haiendi kama mwombaji wa hisani. Inaenda na hoja yenye mashiko.

Hapa nyumbani nako kuna sheria za kufuatwa. Fort Jesus na Gedi ziko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na hakuna anayeruhusiwa kupiga picha za kibiashara humo bila kibali. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inazipa jamii sauti juu ya matumizi ya urithi wao. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja maktaba na makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo jukumu la kuweka nakala hizi Garsen na Hola lina mwenyewe, naye ni serikali ya kaunti.

Picha inasema nini, na inanyamaza kuhusu nini

Nakala inayofanana na asili kwa rangi bado inaweza kudanganya kwa ukimya. Memória das Armadas ilichorwa katika karne ya 16 miongo kadhaa baada ya misafara ya mwanzo. Aliyechora merikebu za 1506 alizichora kwa kumbukumbu za wengine na kwa desturi ya wachoraji wa wakati wake. Tanga la mwaka mmoja linafanana na la mwaka mwingine. Karatasi inaonyesha merikebu zikielea juu ya maji safi. Moto wa Hoja haumo, na watu wa Hoja hawamo. Ikitundikwa Kipini bila maelezo, nakala hiyo itakuwa sifa kwa waliochoma. Ikitundikwa pamoja na picha ya magofu ya Ungwana na maneno machache ya kweli, itakuwa somo ambalo kitabu cha shule hakijawahi kulitoa.

Vielelezo vya Sulivan vinadai uangalifu mkubwa zaidi. Watu waliokonda, waliotolewa ndani ya jahazi na kupigwa picha kwenye sitaha ya meli ya Waingereza, hawakuulizwa. Pwani kati ya Tana na Lamu ilikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na watoro waliotoroka mashamba hayo waliishi katika misitu ya karibu na Witu. Wajukuu wao wapo. Picha ya babu zao si pambo la chumba cha chakula cha hoteli. Mimi nasema vielelezo hivyo visiingie kabisa katika toleo la kuuzwa. Nafasi yake ni makumbusho na darasa la mwalimu aliyejiandaa.

Uangalifu huo uende pia kwa picha za ushindi wa kikoloni. Mwezi Oktoba 1890 Admirali Fremantle aliteremsha askari wa majini Kipini, wakatembea hadi Witu na kuuchoma mji, kulipiza kifo cha Andreas Küntzel na wenzake Wajerumani. Magazeti ya picha ya London, kama The Illustrated London News na The Graphic, yaliwapa wasomaji wake vita kama hivyo kwa michoro ya kishujaa. Leo michoro ya magazeti hayo hupakwa rangi na kuuzwa kama mapambo ya bahari. Anayeinunua ajue ameshika habari ya upande mmoja.

Upo pia ukimya wa namna nyingine, wa vyombo ambavyo wachoraji wakubwa hawakuvijali. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, chenye tanga la mraba la mkeka na omo iliyopambwa, ulijengwa na mafundi wa visiwa vya Lamu na kutoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Tunaujua kwa michoro ya ukutani, picha chache za kamera, mifano midogo ya mbao, na maandishi ya watafiti kama James Hornell na A.H.J. Prins. Mwaka 2003 mtepe mpya ulijengwa Unguja na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, na hilo lilitukumbusha kwamba hata kilichohifadhiwa kinaweza kupotea kwa siku moja. Mtumbwi wa Mpokomo, uliobeba mpunga, ndizi, wagonjwa na maharusi kwenye Tana kwa karne nyingi, una picha chache hata kuliko mtepe.

Kwa hiyo mradi wa nakala usiishie kunakili ya wengine. Sehemu ya mapato iwalipe wachoraji wa Kenya wachore mtumbwi wa Tana na mashua ya Kipini wakiwa na mafundi na manahodha pembeni, kisha kazi hizo nazo zipewe toleo lake lenye nambari. Huko sahihi ya mchoraji itakuwa ya mchoraji kweli, na haki yake itakuwa hai.

Pingamizi la njaa na mafuriko

Kuna pingamizi lisiloweza kupitwa kimya. Watu wa Garsen wamehamishwa na maji tena na tena. El Niño ya 1997 na 1998, mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliharibu nyumba, mashamba na barabara. Kati ya mafuriko hayo huja ukame unaoua ng'ombe wa Waorma na Wawardei. Mtu aliyepoteza nyumba atauliza picha za merikebu zinamlisha nani.

Swali lake ni la haki, na jibu lisiwe la dharau. Fedha ya dharura isiguswe kwa ajili ya picha. Nakala zigharimiwe na mauzo yake, na pia na makumbusho ya nje yanayoshika picha za asili, ambayo mengi yana bajeti ya elimu kwa umma. Wala picha hizi haziko mbali na dhiki yenyewe kama inavyodhaniwa. Delta ya Tana iliorodheshwa kuwa ardhioevu ya Ramsar mwaka 2012, ikiwa na hekta 163,600, na mabishano juu ya matumizi ya maji na ardhi yake hayajaisha. Mabwawa ya juu ya mto, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yamebadilisha mwendo wa maji. Mkulima anayekwenda kwenye kikao cha hadhara akiwa na nakala sahihi ya ramani ya karne ya 19, inayoonyesha mito ilikopita, anazungumza na mhandisi kwa ushahidi mkononi. Urithi wa namna hiyo una kazi ya kufanya leo.

Tena barabara kuu ya Malindi kwenda Lamu inapita Minjila, karibu na Garsen, na wasafiri wengi hupita bila kujua wamevuka nini. Ukumbi mmoja mdogo wa picha, wenye nakala bora na maelezo ya Kiswahili, ungewapa sababu ya kusimama, na ungewapa vijana wa Garsen kazi ya kueleza historia yao wenyewe.

Yanayowezekana sasa

Kwa muhtasari, napendekeza mpango wenye hatua tano. Kwanza, serikali ya kaunti ya Tana River iandike barua rasmi kwa Lisbon, Paris, New York na Greenwich kuomba faili kubwa za picha na ramani zinazohusu Ghuba ya Ungwana, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuzichapa. Pili, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yaongoze upigaji wa kina wa michoro ya ukutani, yakianza na ile iliyo wazi kwa mvua, maana kuta hazitatungoja. Tatu, kila toleo ligawanywe kati ya soko na umma kabla karatasi ya kwanza haijachapwa, na rejista yake iwe wazi kwa kila raia. Nne, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kipokomo, yakitaja nani alichora, lini, alikuwa na nia gani, na nini hakimo katika picha. Tano, mafundi, manahodha na wazee wa Kipini, Ozi na Ngao waalikwe kuzisoma picha kabla hazijatundikwa, na wanayosema yaingizwe kwenye maelezo.

Kwako msomaji unayefikiria kununua nakala ya picha ya bahari ya kale, muulize muuzaji mambo manne: picha ya asili iko wapi, faili limetoka kwa nani, wino na karatasi ni vya aina gani, na katika toleo hilo ni nakala ngapi zimekwenda kwa watu wa mahali panapoonyeshwa na picha. Akishindwa kujibu la kwanza mpaka la tatu, usinunue, maana anakuuzia bango. Akishindwa kujibu la nne, mwambie kuna shule Kipini zenye kuta tupu, naye anaweza kuanza na moja.